Kodi ya miezi sita mbele: sheria izuie au isizuie?

Ndugu zangu wa Kigoma, hili tulizungumze waziwazi. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, azuiwe kisheria? Mimi nasema azuiwe, mwisho iwe miezi miwili.

Nafanya kazi kwenye tanuri la mikate karibu na stesheni, na tunaanza saa kumi alfajiri. Muda huo kutoka Ujiji hupati daladala, ni bodaboda tu, na bodaboda ya kila siku inakula mshahara. Kwa hiyo nikatafuta chumba Mwanga, niwe nashuka mjini kwa miguu. Dalali alinizungusha siku tatu. Nilichopata ni chumba kimoja, bati halina singibodi, choo cha nje tunatumia kaya nne, LUKU moja ya kuchangishana. Kodi elfu hamsini kwa mwezi, na hiyo naimudu. Lakini kabla ya kukabidhiwa ufunguo nilitakiwa kutoa laki tatu taslimu, na elfu hamsini nyingine ya dalali. Mshahara wangu ni laki moja na themanini. Niliuza cherehani aliyoniachia marehemu mama.

Mama mwenye nyumba alizihesabu zile noti barazani mara mbili, kisha palepale akampa kijana wake akanunue bati za chumba cha pili. Sikumchukia. Hana hati, benki haiwezi kumkopesha, anajenga kidogo kidogo kama wengi wetu. Ila tuite kitu kwa jina lake: ule ni mkopo, na nimemkopesha mimi mpishi wa mikate, bila riba, bila dhamana. Bati likivuja mwezi wa pili sina la kumfanya, maana hela yangu tayari iko juu ya paa lake jingine.

Wanaopinga wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba wapangaji wengine huhama usiku na deni. Kweli, wapo, na wanatuharibia wote. Hapo sheria imlinde mwenye nyumba, apate haki yake haraka bila kuzungushwa mahakamani. Ya pili, kwamba asiyeweza mjini aende Gungu au arudi Ujiji. Hii siikubali hata kidogo. Mikate mnayonunua asubuhi, samaki wanaopokelewa mwaloni Kibirizi, maduka yanayofunguliwa mapema, vyote vinategemea watu wanaolala karibu.

Wengine wanasema serikali haijawahi kuingilia mapatano ya watu binafsi. Imeshaingilia. Tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji amebaki na mkataba wake tu, kama anao. Tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Sisi wapangaji ndio tunaonunua umeme, kwa hiyo tunamlipia mwenye nyumba, na ni wachache mno wanaoturudishia kwenye pango.

Kodi yangu inaisha mwezi wa kumi na moja, na safari hii sina cherehani ya kuuza. Wenye nyumba mliomo humu, nijibuni: mkilipwa miezi miwili miwili, na sheria ikiwapa njia ya haraka ya kumtoa asiyelipa, mtapungukiwa na nini?