Mshtarii na Zohali nyumba ya kumi: nibaki kwenye ukaguzi wa hesabu au nikafundishe?

HesabuNaNyota
Wakuu, habari zenu. Naomba wenye ujuzi wa unajimu wa Kihindi (Jyotish) mnisaidie kusoma chati yangu, upande wa kazi tu.

Nimezaliwa mwishoni mwa Mei 2000, asubuhi, kama saa nne. Saa hiyo imeandikwa kwenye cheti, kwa hiyo naiamini. Nimetumia ayanamsha ya Lahiri, yaani kipimo cha kusogeza chati ili ifuate nyota halisi za angani. Lagna yangu, yaani nyota iliyokuwa ikichomoza nilipozaliwa, ni Kaa, na Rahu (kivuli kinachohesabiwa kama sayari) ipo hapo hapo. Nyumba ya kumi, ya kazi, ni Punda, na ndani yake zimekutana Mshtarii na Zohali, zote nyuzi 28 na kitu. Mirihi, Jua na Zuhura zipo Ng'ombe, nyumba ya kumi na moja. Utaridi ipo Mapacha, ya kumi na mbili. Mwezi upo Samaki, nakshatra (kituo cha Mwezi) ya Uttara Bhadrapada.

Nafanya ukaguzi wa hesabu. Kazi naiweza, lakini furaha yangu ni pale ninapokaa na wakaguzi wapya nikiwaonyesha jinsi ya kufuata hela kutoka kwenye risiti hadi taarifa ya mwaka. Sasa nimepata nafasi ya kufundisha, mshahara ni mdogo zaidi. Msomaji mmoja wa nyota aliniambia Zohali ikiwa Punda imeanguka, yaani iko dhaifu kabisa, tena nyumba ya kazi, basi nitahangaika maisha yangu yote. Tangu aniambie hivyo silali vizuri. Mwingine akasema Mshtarii imefuta ubaya wote. Nimsikilize yupi?

Mtazama_Anga
Dada usiogope. Hiyo ni neecha bhanga, anguko limefutwa! Mshtarii ikikaa na Zohali iliyoanguka inaiinua, inakuwa raja yoga, muungano wa sayari unaoleta cheo. Na Mshtarii ndiyo Guru mwenyewe, mwalimu. Kafundishe.

MzeeWaLagna
Mtazama_Anga, hapo sikubaliani nawe, mkuu. Neecha bhanga ina masharti. Tunamtafuta bwana (sayari inayotawala) wa nyota ambamo sayari imeanguka, au bwana wa nyota ambamo sayari hiyo hutukuka, yaani hupata nguvu kuu, na awe kwenye kendra, yaani nyumba ya 1, 4, 7 au 10, kuanzia lagna au kuanzia Mwezi. Zohali huanguka Punda, bwana wake Mirihi, na hutukuka Mizani, bwana wake Zuhura. Zote mbili zipo Ng'ombe: ya kumi na moja kutoka lagna, ya tatu kutoka Mwezi. Jua, ambalo hutukuka Punda, lipo huko huko. Hakuna kendra. Tusimpe binti huyu kinga ambayo haipo kwenye chati yake.

Lakini huyo aliyekuambia utahangaika maisha yako yote amekuumiza bure, mwanangu, na inanisikitisha kila nikiona mtu anatamkiwa hukumu kwa sayari moja. Mshtarii na Zohali hukutana kila baada ya miaka 20 hivi. Zilikutana tarehe 28 Mei 2000, halafu tarehe 21 Desemba 2020. Kila aliyezaliwa siku zile zako anazo pamoja. Cha kwako mwenyewe ni lagna, kwa sababu ndiyo inayozipa nyumba za kutawala.

Kwa lagna ya Kaa, Mshtarii inatawala nyumba ya sita na ya tisa, Zohali ya saba na ya nane. Ya sita ni utumishi, madeni na mabishano. Ya nane ni mambo yaliyofichwa. Mtu anayelipwa kuchimbua madeni na yaliyofichwa anaitwaje, kama si mkaguzi? Utaridi, sayari ya hesabu, ipo kwenye nyota yake yenyewe, na Zohali inaitazama kwa mtazamo wake wa tatu. Mirihi, bwana wa nyumba ya kumi, imekaa nyumba ya mapato pamoja na Zuhura iliyo kwake. Hii si chati ya mtu wa kuhangaika. Ni chati ya mtu anayepanda polepole.

Sasa tazama zile nyuzi 28. Kwenye navamsha, chati ya kugawa kila nyota mara tisa, sayari zote mbili zinaingia Mshale, nyumbani kwa Mshtarii. Kwenye dashamsha, chati ya kazi, zote zinaingia Mbuzi: hapo Zohali ipo kwake, na Mshtarii ndiyo inayoanguka. Kwa hiyo mimi nasoma hivi: kufundisha kumo ndani yako, ila kunakaa vizuri kukiwa chini ya Zohali. Yaani kanuni, mitihani ya taaluma, viwango vya ukaguzi. Ualimu unaokutoa kabisa kwenye ukaguzi nisingeupendelea. Hiyo nafasi ni ya kufundisha nini? Na dasha yako, yaani kipindi cha sayari unachopitia, ikoje?

HesabuNaNyota
Shikamoo mzee. Ni kuwaandaa watahiniwa wa mitihani ya uhasibu, somo la ukaguzi. Dasha ni ya Utaridi. Ndani yake kuna kipindi kidogo cha Mshtarii kinachokuja, kisha kinafuata cha Zohali. Saa ikikosewa kidogo, dashamsha haitabadilika?

MzeeWaLagna
Marahaba mwanangu. Dakika chache haziwezi kuzitoa sayari hizi Mbuzi, maana zinakwenda taratibu sana. Kinachohama haraka ni lagna ya dashamsha, ndiyo maana sikuigusa.

Somo hilo linafanana na chati yako. Ila Zohali inaingia Punda katikati ya 2027, inarudi nyuma kidogo, kisha inatulia humo mwaka unaofuata. Itakuwa inapita kwenye nyumba yako ya kumi, na mzigo wa kazi utaongezeka popote utakapokuwa. Waulize kama unaweza kuanza kwa vipindi vichache vya jioni huku umeshika ukaguzi. Wakikubali, anza hivyo. Kama wanataka mtu wa kutwa nzima, kaa kwanza upige hesabu za mshahara huo mdogo, maana hilo hutalipata kwenye chati.

Mtazama_Anga
Nimekuelewa mzee, masharti ya kendra nimeyaandika. Dada, wakikujibu turudishie habari hapa.