Nimeanza kusafisha magari nina miaka 16, bei napangaje?

msafi16

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo. Nina miaka 16, tangu tumefunga shule nasafisha magari, sio ile ya kumwagia maji na sabuni basi, namaanisha diteilingi kabisa, napiga vakyumu, nasugua siti na kapeti, dashibodi, katikati ya vitufe napita na mswaki, vioo ndani nje, rimu, tairi, mwisho napaka waksi. Nilianza na gari la nyumbani, jirani akaona akaniita, jirani akamwambia mwenzake, saa hizi nina kama magari 4 kwa wiki na mengine nayakataa maana mwili unagoma.

Shida ni bei. Nilivyoanza niliangalia wanaoosha magari kawaida wanachukua kiasi gani nikaweka juu yao kidogo tu, na bei ni moja kwa gari lolote. Sasa wiki iliyopita nikapewa gari kubwa la siti 7, nyumba ina watoto wadogo na mbwa, nimeanza saa 3 asubuhi nimemaliza saa 10 jioni, mgongo sio wangu, halafu nikalipwa ileile niliyolipwa jana yake kwa kigari cha milango 2 nilichomaliza kwa saa 2 na nusu. Nikitoa shampuu na waksi sijui hata kama nimebaki na kitu. Nataka kupandisha ila naogopa watakimbia, na wengi wao ni marafiki wa wazazi wangu, watu wazima, naona aibu kuwatajia bei. Nyie mnapangaje? Kwa saa, kwa gari, au unamwangalia mtu na mtu?

kitambaa_kikavu

Mtu na mtu sahau kabisa dogo. Watu wanaambiana. Umesema mwenyewe jirani alimwambia mwenzake, basi na bei aliitaja. Siku wakikutana mmoja kalipa zaidi ya mwenzake kwa gari la aina moja, umepoteza wote wawili na utaitwa mjanja mjanja.

ndoo_mbili

Marahaba kijana. Nimefanya hii kazi miaka mingi na kosa lako nalijua kwa sababu na mimi nililifanya, wewe umepanga bei ya gari wakati unachouza ni masaa yako. Gari ni pale tu masaa yanapoishia.

Chukua daftari. Magari matano yanayokuja usibadilishe chochote, pima muda tu. Na muda hauanzi pale unapowasha vakyumu, unaanza pale unapotoka nyumbani na ndoo zako na unaisha pale umeshafua vitambaa vyote na kuvianika, maana kitambaa cha maikrofaiba kikikauka na uchafu wake kesho unamchora mtu rangi. Wengi hapo ndipo wanapopigwa, wanahesabu saa 2 kumbe ni 3.

Halafu vifaa. Hapa watu wanakisia tu na hakuna haja ya kukisia, chupa ya lita 1 ya shampuu ukitumia mililita 25 kwa gari inakupa magari 40, kwa hiyo bei ya chupa gawa kwa 40, hiyo ndio shampuu ya gari moja. Fanya hivyohivyo kwa waksi, dawa ya vioo, ya tairi. Vakyumu nayo itakufa siku moja, ukijipa kwamba itamaliza magari 200 basi gawa bei yake kwa 200 na kila gari litoe mchango wake ukauweke pembeni, ikifa unanunua nyingine bila kwenda kulia kwa mzazi.

Sasa jipe thamani ya saa yako. Tuseme ni 10, hela ya wapi haijalishi. Kile kigari chako kidogo, saa 2 na nusu za kazi ongeza nusu saa ya kubeba na kufua, ni saa 3, yaani 30, vifaa tuseme 6, mchango wa vakyumu na mabrashi 2, jumla 38. Lile likubwa ni saa 7 ongeza hiyo nusu, hapo ni 75, vifaa vimeliwa zaidi weka 10, mchango 2, jumla 87. Umeona? Ni zaidi ya mara mbili. Na wewe umechukua 38. Toa 12 za vifaa na mchango unabaki na 26, gawa kwa saa 7 na nusu, inakuja kama 3 na nusu kwa saa. Siku ile ulifanya kazi kwa theluthi ya mshahara wako mwenyewe, sishangai mgongo kulalamika.

Ila mteja usimtajie saa. Ukimwambia unachaji kwa saa ataanza kuangalia simu yake kila ukinywa maji, na kadri unavyokuwa mzoefu unamaliza haraka halafu unalipwa kidogo, ni adhabu ya kujua kazi. Masaa ni hesabu yako ya daftarini. Mteja unampa bei ya kazi iliyokamilika, kwa saizi tatu tu, gari dogo, la kati, kubwa la siti 7. Na ndani utenganishe na nje, maana nje ya gari kubwa haikuzidishii sana lakini ndani ndio panapokuua. Mtu anayetaka nje tu alipe nje tu.

Kisha kuna uchafu usio wa kawaida nao uwe na bei yake pembeni, nywele za mbwa, matapishi, moshi wa sigara, mchanga wa ufukweni, maziwa yaliyomwagika. Hizo sio usafi wa kawaida na hakuna mtu mzima asiyelijua hilo.

bei_ya_kuanzia

Mimi natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Dogo ana miaka 16, hana kodi ya nyumba hana watoto, abaki chini ajaze wateja kwanza, akishajulikana ndio apandishe. Ukianza na mahesabu ya 87 hapa utabaki na ndoo zako.

dada_wa_hesabu

Ajaze wateja wapi na ameshasema anawakataa? Hajakosa wateja, amekosa siku. Mtu anayekataa kazi kwa kuchoka bei yake iko chini, hapo hata hatubishani.

Msafi, fanya hesabu hii. Wateja 5 kwa bei ya sasa. Pandisha kwa robo, yaani asilimia 25, tuseme mmoja kati ya watano amekasirika kaondoka. Hela iliyoingia ni ileile kabisa, ila umesafisha magari 4 badala ya 5, shampuu ya magari 4, mgongo wa magari 4. Wakibaki wote watano basi mshukuru Mungu.

Na punguzo nalo uwe nalo makini maana linakula kuliko linavyoonekana. Kama vifaa na gharama zako ni 30 katika kila 100, unabaki na 70. Ukimpunguzia mtu asilimia 20 unapokea 80 lakini gharama ni 30 palepale, umebaki na 50. Ili urudishe faida uliyoizoea inabidi ufanye kazi 14 badala ya 10. Kwa hiyo ukitaka kumpunguzia mtu punguza na kazi, mwambie sawa kwa bei hiyo naacha waksi. Na kama ni zawadi tu kwa shangazi basi iandike, bei kamili ni hii, punguzo ni hili, ili mwakani asije akasema umepandisha.

bei_ya_kuanzia

Haya nimekubali kwenye kukataa wateja, hiyo sikuisoma vizuri. Ila kwa anayeanza sifuri na hana hata mteja mmoja bado nasimama na langu.

mama_wa_siti7

Mwanangu hujambo. Mimi ni mteja, sio fundi, na gari langu ni la aina ileile uliyoielezea, watoto watatu na mbwa mmoja, kwa hiyo niseme upande wetu. Mimi najua kabisa gari langu ni chafu. Kijana akija akafungua mlango akasema mama, humu kwa nywele hizi bei ni hii badala ya ile, nitacheka kwa aibu na nitalipa. Kitu kinachoniudhi ni kuambiwa mwishoni. Kuna mmoja alinitajia bei kwenye simu, akasafisha, alipomaliza akasema kumbe lilikuwa chafu sana naomba uongeze. Nilimpa, na sikumwita tena, na sio kwa sababu ya hela.

Kwa hiyo usimpe mtu bei ya mwisho kabla hujafungua milango yote minne na buti. Kwenye simu sema inaanzia hapa, nikiliona nitakupa kamili. Au muombe akutumie picha za ndani, na umwambie apige na chini ya siti za watoto, huko ndiko kuna maajabu.

Kuhusu aibu ya kuwatajia wakubwa, andika bei zako tatu na za nyongeza kwenye karatasi au picha moja ya kutuma kwenye simu. Mzee akiuliza, wewe unamtumia. Inakuwa karatasi ndiyo imesema, sio mtoto wa fulani amekua na mdomo. Kwa wale wa zamani watumie mapema, shikamoo mzee, kuanzia mwezi ujao bei zangu zitakuwa hizi, gari lako likija kabla ya hapo nitalifanya kwa bei ya zamani. Hakuna mtu mwenye akili atakayekununia kwa hilo, na wengi wataleta magari wiki hiyohiyo.

Na kitu kingine, ukishampuu siti niambie mapema kwamba gari litalala milango wazi likauke. Mimi niliwahi kukaa na watoto kwenye siti mbichi, na tulipolifunga likanuka unyevu wiki nzima.

ndoo_mbili

Mama ameniwahi, hiyo ya kufungua milango ni kubwa kuliko mahesabu yangu yote. Niongeze moja ya nywele za mbwa maana ukipunguza muda hapo faida ni yako. Usipambane nazo na vakyumu tupu, nywele fupi zinajisuka kwenye kapeti. Vaa glovu ya mpira, ilowanishe kidogo tu, vuta kuelekea upande mmoja, zinajikusanya zenyewe kama kamba halafu ndio vakyumu ipite.

rangi_haina_spea

Nimesoma yote hakuna aliyetaja hatari nami naona nayo ni bei. Dogo kuna kazi zikataliwe kwa sasa hata wakikupa mara tatu. Mashine ya kupiga polishi, ile safu ya juu inayong'aa kwenye rangi ni mikroni 40 au 50 tu hivi, nyembamba kuliko unywele wako, ukikosea kwenye kona ya mlango imekwenda na kupaka upya utalipa kazi za miezi. Kuosha injini kwa mashine ya presha, hapana, siku hizi kuna nyaya na sensa kila mahali. Sabuni ya vyombo kwenye rangi usitumie, inakula waksi. Dawa ya kung'arisha yenye silikoni isiguse stelingi wala pedeli, mguu ukiteleza kwenye breki hiyo sio tena habari ya bei.

Na kabla hujaanza zunguka gari na mwenyewe, piga picha mikwaruzo iliyopo. Bila hiyo kila mkwaruzo wa mwaka jana utakuwa wa kwako. Kitambaa kikianguka chini kisirudi kwenye gari, hata kama kinaonekana kisafi.

kitambaa_kikavu

Hilo la kitambaa mimi lilinikuta boneti nyeusi, jua la jioni likapiga, nikaona mistari yote niliyochora. Sitaki kukumbuka.

msafi16

Wakubwa asanteni sana, nimerudi baada ya wiki moja na nusu. Nimepima magari matatu, bado mawili. La kwanza nilijua ni saa 2 na nusu, daftari likasema saa 3 na dakika 40. Kwenye hizo dakika 40 ndani yake kuna kutafuta bomba la maji la mwenye nyumba na kurudi nyumbani kuchukua brashi ya rimu niliyoisahau, kwa hiyo hiyo nimeamua ni kosa langu siwezi kumchaji mtu, nimeandika orodha ya vitu nimebandika kwenye ndoo.

Nimeweka saizi tatu, ndani na nje mbalimbali, na nyongeza za nywele na matapishi. Nimewatumia wote 9. Mmoja kasema atafikiria, mmoja hajajibu, wengine wamesema sawa, na rafiki wa baba niliyekuwa namuogopa kuliko wote hakuongelea bei kabisa, kaniuliza tu Jumamosi asubuhi una nafasi.

Polishi ya mashine nimeacha, kuna mtu alikuwa anataka kuniazima yake nikamwambia bado.

mama_wa_siti7

Hongera mwanangu. Na lile gari la mbwa je, limerudi? Glovu imefanya kazi?

msafi16

Limerudi mama, kwa bei mpya, na glovu imefanya kazi kweli, nimemaliza saa 5 na dakika 10 badala ya 7. Ila nilikuwa nakunja vitambaa nikasikia kitu kimeruka, kugeuka mbwa ameshakaa siti ya nyuma anasubiri apelekwe matembezini.