"Mwanza, upepo 20": acheni kututumia utabiri usio na kipimo

Wadau wa Kanda ya Ziwa, hili limezidi. Kila jioni kwenye magrupu ya mialo, yaani vituo vya kushushia samaki, inazunguka picha ileile: jina la mji, mshale, namba. "Mwanza, upepo 20." Ishirini nini? Noti 20 (knots, kipimo cha kasi cha mabaharia) ni kilomita 37 kwa saa. Kilomita 20 kwa saa hazifiki hata noti 11. Na msukumo wa upepo haupandi sawasawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Basi "ishirini" ya noti inasukuma mtumbwi zaidi ya mara tatu ya "ishirini" ya kilomita. Halafu mtu anatuma bila kipimo na kuandika "kazi njema"!

Saa ndiyo balaa zaidi. Baadhi ya programu huonyesha saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ikiandikwa 18:00 UTC, hapa ni saa tatu usiku, siyo saa kumi na mbili jioni. Ikiandikwa 06:00 UTC, ni saa tatu asubuhi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku; kukosea saa tatu ni kukosea safari nzima.

Halafu hiyo "Mwanza" ni wapi? Modeli nyingi za bure, yaani hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri, hugawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 28 hivi. Pale Kigongo na Busisi, ghuba ina upana wa kilomita 3 tu. Mraba mmoja unachanganya maji, milima ya mawe na mitaa, kisha unatoa wastani. Huo si upepo wa Kirumba, mwalo wa Mwanza mjini, wala si wa Ukerewe.

Na wastani wenyewe unaficha kinachoua: upepo wa ghafla. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo umande, yaani upepo wa nchi kavu, huvuma kutoka kila ufuko kuelekea katikati ya ziwa. Hewa hiyo ikikutana hupanda, na wingu la radi hujengeka, mara nyingi kati ya usiku wa manane na alfajiri. Mvua ikianza kushuka, hewa ya baridi huporomoka nayo na kutawanyika juu ya maji. Dakika chache tu, ziwa lililotulia linachafuka. Modeli yenye miraba mikubwa haioni hilo wingu. Ukiona umeme unapiga upande mmoja na ubaridi unakupiga usoni ghafla, achana na simu, tafuta kisiwa kilicho karibu.

Mwelekeo nao unasomwa kinyume. "Kusini-mashariki" ni unakotoka, siyo unakokwenda, ila mishale mingi huchorwa kuelekea unakokwenda. Kusi, upepo wa kusini-mashariki, ikivuma, maji ya Kirumba hutulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu. Wimbi hukua kadiri unavyoiacha pwani. Kutazama maji ya mwalo na kusema "leo shwari" ni kujidanganya.

Kwa hiyo anayetuma aandike: tarehe, saa kwa Kiswahili, kipimo, unakotoka upepo, kasi ya wastani na ile ya ghafla, na eneo la ziwa. Maadmini, picha isiyo na hayo ifuteni papo hapo, hata kama imetumwa na mwenye boti kubwa.