Bomba la flanji la kufukia Sahare: nichomelee kwanza au nichovye zinki kwanza?

Fundi Ngamiani:
Asalaam aleikum mafundi. Nina kazi ya bomba la maji la kufukia huko Sahare, karibu na bahari. Ni chuma cheusi cha nchi 4, unene milimita 5, vipande 6 vya mita 3, kila ncha flanji (duara la chuma la kuungia kwa bolti) ya matundu 8. Mwaka juzi kazi kama hii niliifanya kwa bomba la galvanaizi (lililokwisha kuvikwa zinki) la dukani: nikachomelea flanji, maungio nikapaka rangi ya fedha, tukafukia. Wiki iliyopita tumefukua. Bomba lenyewe ni zima, ila kando ya kila mshono kutu imekula. Niliumia, maana yule mama mwenye bomba alinilipa hela yote. Safari hii nichomelee kila kitu ndipo nipeleke kuchovya?

Mchomeleaji Chumbageni:
Naam, chomelea kwanza. Moto wako ndio uliounguza zinki kando ya mshono, na moshi ule mweupe huleta homa. Ila maganda ya mshono yagongoe yote. Asidi ya kuoshea haiyatoi, wala rangi ya mafuta haiitoi, na zinki haishiki hapo. Kwa hiyo namba za vipande zigonge kwa patasi, usiandike kwa rangi.

Babu wa Duga:
Wanangu, la hatari hamjaligusa. Flanji ya kuvalisha, ile inayovishwa juu ya bomba, ukiichomelea ndani na nje, katikati umefungia uwazi mwembamba. Unyevu ukibaki humo, kwenye zinki ya nyuzi 450 hugeuka mvuke, mshono unapasuka na zinki ya moto inamrukia anayechovya. Toboa tundu dogo lifike kwenye uwazi huo, uje ulizibe baadaye. Wenye tangi waulize mapema wanataka tundu la ukubwa gani, na kama mita 3 zinaingia. Flanji za shingo, zinazoungwa ncha kwa ncha na bomba, hazina shida hii.

Fundi Ngamiani:
Shikamoo babu. Flanji nimeshanunua za kuvalisha, nitatoboa. Je, zinki peke yake itatosha ardhini?

Babu wa Duga:
Marahaba. Sahare, hapana. Kwa ISO 1461, kiwango cha kimataifa cha kuchovya chuma kwenye zinki, bomba la unene wa milimita 5 hutakiwa zinki ya wastani usiopungua maikroni 70 tu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na chumvi ya udongo wa pwani huila upesi. Zungushia utepe wa grisi bomba lote, na kwenye flanji jaza kwanza lami laini kati ya bolti, pasibaki hewa. Bolti nazo ziwe za kuchovya. Matone ya zinki kwenye uso wa flanji unaokaa gaskiti (mpira wa kuzuia kuvuja) piga tupa taratibu, usifike kwenye chuma.

Fundi Ngamiani:
Nimeelewa babu. Kesho naanza kutoboa, na kazi ya yule mama nitaifanya upya pamoja na hii.