Tupeane uzoefu: kulima maua na watoto hapa Lamu

Mwana wa Langoni: Yeo nimepita Mkomani nikakuta kitoto kinanywesha mrehani kwa kikombe cha chai. Nimewakumbuka wangu, washakuwa watu wazima. Leteni visa.

Umm Swabra: Umenitonesha. Shemeji alituletea mizizi ya ua la deilili (daylily) kutoka Limuru, imefungwa gazetini, minene kama vihogo. Mwanangu, miaka sita, akaipanda kwenye dumu la mafuta tulilolikata. Tukanywesha maji ya kisima yenye munyu, ncha za majani zikaungua. Tukatia samadi ya punda mbichi, ikawa balaa jingine. Tukahamia maji ya mvua. Miezi na miezi, kila akitoka chuoni kusoma Kurani anakimbilia dumu kabla ya kuvua kofia.

Siku likachanua, la rangi ya chungwa. Akalishika, akalinusa, akawaita watoto wa mtaa mzima. Asubuhi yake limenyauka, limejikunja kama karatasi iliyorowa. Nikamgombeza: si nilikwambia usilichezee? Akalia, uji hakugusa. "Mama, nimeliua."

Kumbe ua lake huishi siku moja tu! Hata jina la kitaalamu, Hemerocallis, ni Kigiriki: uzuri wa siku. Kesho yake tumba jingine likapanuka kwenye bua lilo hilo. Mwanangu hakulisogelea.

Nahodha2: Wallahi hata mimi ningemgombeza.

Mpenda Nyau: Deilili ni sumu kwa paka, huwaua figo. Na mji wenyewe huu, paka kila kona!

Nahodha2: Paka wa Lamu anangoja vichwa vya samaki, majani ya nini?

Mpenda Nyau: Akijilamba chavua tu inatosha. Usifanyie mzaha roho ya mnyama.

Kijana wa Mkomani: Yawekeni kivulini, jua letu kali.

Shamba la Hindi: Kivulini hupati ua, utapata majani. Jua la asubuhi, kisha kivuli. Na chagueni aina isiyopukutisha majani, zile nyingine hudai baridi. Shina likisongamana, ligawe.

Babu Shela: Nyinyi mnalilia ua. Mjukuu wangu alizika kipini cha dhahabu cha bibi yake kwenye chungu cha mchicha "kiote vingi". Akakinywesha siku nne, kimya! Bibi akamshuku binti wa jirani, akasema maneno kibarazani yasiyorudishika.

Umm Swabra: Yarabi! Kilionekana?

Kijana wa Mkomani: Babu usitukatie hapo.

Mpenda Nyau: Mjukuu alichapwa?

Babu Shela: Tulipong'oa mchicha wa futari, kikaja na mzizi. Kuchapwa hakuchapwa, alituuliza mbona tumekitoa kabla hakijazaa.

Shamba la Hindi: Kwa hiyo watoto wapeni mchicha kwanza, huota upesi. Deilili baadaye.

Mwana wa Langoni: Na jirani, babu?

Babu Shela: Nilikwenda kuomba radhi. Akanipa mche wa asumini. Bibi yenu hataki kuunywesha.