Feni ya lori inanguruma muda wote, SPN 647 FMI 5: klachi mpya, mtumba, bimetali au feni za umeme?

Tela_Tunduma
Wakuu, kichwa ni cha 24V, injini lita 12, njia ni Dar–Tunduma. Feni inanguruma muda wote hata asubuhi injini ikiwa ya baridi, mvuto umepungua, dizeli inakwisha haraka. Mashine ya kupimia hitilafu inasoma kodi (namba ya hitilafu) SPN 647 FMI 5. Klachi ya feni ni ya silikoni (mafuta mazito ndiyo yanashikisha feni) inayoongozwa kwa umeme, plagi ya pini 5. Ushauri uliopo mezani ni wa aina nne: klachi mpya, klachi ya mtumba, ile ya bimetali isiyo na waya (inajishika yenyewe kwa joto), au kutoa yote na kufunga feni za umeme kama za gari ndogo. Ipi ina maana?

Volti24
Mkuu, umeruka ya tano ambayo ndiyo rahisi kuliko zote: waya. SPN inataja sehemu, FMI inataja aina ya hitilafu: SPN 647 ni njia ya umeme ya klachi ya feni, na FMI 5 maana yake mkondo ni mdogo au njia imekatika. Ingekuwa FMI 3 au 4 tungezungumzia shoti. Na klachi za aina hii nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi: koili ikipata umeme vali ya silikoni inafunga na feni inalegea, ikikosa umeme vali inabaki wazi na feni inashika, ili injini isichemke. Kwa hiyo hiyo kelele yako inaonyesha klachi yenyewe bado inashika vizuri.

Pima hivi. Zima swichi, toa funguo, injini ipoe, chomoa plagi. Pini 2 ni za koili, 3 ni za sensa ya mzunguko. Mchoro wa gari lako ndio utakuonyesha zipi ni zipi. Weka mita kwenye omu, pima koili upande wa klachi, ulinganishe na namba ya kitabu cha gari. Mita ikiandika OL, njia imekatika ndani ya koili au kwenye waya unaotoka kwake. Usiondoe mita haraka: kunja na tikisa waya kuanzia plagi hadi kwenye klachi huku unaangalia namba. Ikirukaruka, umepata.

Koili ikiwa nzima, hamia upande wa gari. Washa swichi, chukua taa ya 24V 21W, iunge kati ya pini ya moto ya koili na ethi ya betri. Mita peke yake hapa inadanganya, maana waya uliobaki na uzi mmoja bado utaonyesha volti 24. Ukiupa mzigo wa karibu ampea 0.9, taa inafifia au haiwaki kabisa. Taa hiyo usiiguse kwenye pini 3 za sensa, kule ni volti 5, na mara nyingi umeme huo unagawiwa sensa nyingine pia.

Mama_Spea
Akimaliza Volti24, angalia beringi. Koili haizunguki, inakaa juu ya beringi na kushikiliwa na mkono mdogo wa chuma au plastiki. Beringi ikianza kukwama, koili inataka kufuata feni, mkono unavunjika na waya unavutwa hadi unakatika. Ukiunga waya bila kuigusa beringi utakuwa umenunua siku chache tu. Ishike koili kwa mkono: ikichezacheza au ikikwaruza, hapo ndipo hela ya klachi mpya inahalalika.

Kona_ya_Kitonga
Feni za umeme futa kabisa. Feni ya injini kubwa ikishika yote inaweza kula zaidi ya 20 kW. Gawa kwa volti 28 za chaji, unapata zaidi ya ampea 700. Alteneta ya ampea 100 inatoa 2.8 kW tu, na bado taa na betri zinataka chao. Zile feni mbili za gari ndogo zitapuliza vizuri ukiwa umeegesha. Ukiwa na tani 30 mgongoni unapanda Kitonga polepole, sindano ya joto inapanda na gasketi ya hedi inafuata.

Dizeli_Mombasa
Bimetali si mbaya, ila inasikiliza joto la hewa inayopita kwenye rejeta, na inachelewa. Feni yako ya sasa inawashwa pia kwa ombi la AC na ritada (breki ya ziada ya kwenye mteremko), na bimetali haitawasikia hao. Kodi nayo haitatoka, kwa sababu kompyuta haioni koili wala mzunguko wa feni, na taa ya injini ikiwaka daima siku ya hitilafu nyingine hutaitambua. Ukilazimika, hakikisha matundu ya bolti, kimo cha feni na upande wa kuzunguka vinalingana.

Mtumba nao, bosi: uliza ulihifadhiwaje. Klachi ya silikoni inatakiwa kusimama wima kama ilivyo kwenye injini. Ikilazwa muda mrefu, silikoni inaweza kuvuja. Ukiona mafuta mazito kuzunguka shafti au beringi, irudishe. Ukiizungusha kwa mkono ikateleza bila ukinzani wowote, irudishe pia.

Volti24
Nyongeza kwa wenye Freightliner na za Kimarekani wanaosoma hapa: kama klachi ya feni (habu) ni ya upepo, haya hayawahusu. Nyingi kule springi ndiyo inashika na upepo ndio unaachisha, kwa hiyo feni isiyoachia inatafutwa kwanza kwenye upepo (usiwe chini ya 90 psi pale klachini), kisha solenoidi (vali ya umeme ya upepo huo), kisha swichi ya presha ya AC. Na solenoidi ziko za aina mbili, inayofungwa ikikosa umeme na inayofunguka. Ukibadilisha moja kwa nyingine, feni inafanya kinyume.

Tela_Tunduma
Koili OL. Nikikunja waya sentimita chache kutoka kwenye klachi, omu inarudi ndani ya namba ya kitabu. Beringi laini, mkono mzima, ila kile kibano cha waya kwenye kava la feni hakipo.

Mama_Spea
Basi klachi mpya weka pembeni. Kata hadi ufike shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endelea kukata. Ongeza kipande cha waya wa unene uleule, bana kwa kiungio cha shaba chenye mpira wa joto, usizungushie utepe mtupu maana mafuta na joto vitaubandua. Acha ulegevu kidogo, halafu rudisha kibano, kwa sababu kukosekana kwake ndiko kulikoufanya waya ucheze hadi ukakatika.

Volti24
Ukimaliza futa kodi, injini ipate joto, kisha amuru feni kwa mashine: 0%, 50%, 100%, huku ukiangalia mzunguko wake. Mpe dakika mbili tatu kila hatua, silikoni haina haraka. Ukiweka mita kwenye koili ukaona kama volti 12, usidhani nusu ya umeme imepotea: kompyuta inawasha na kukata mara nyingi kwa sekunde, na mita inasoma wastani. Feni ikishuka lakini mashine ikaonyesha mzunguko sifuri, rudi kwenye zile pini 3. Asubuhi baada ya kulala muda mrefu, kunguruma dakika chache kisha kutulia ni kawaida ya silikoni.