Kompyuta ya nyumbani inaganda kila mara: tupeane uzoefu, wewe ubovu uliukuta wapi?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Naanza mimi. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inaganda kila siku, hata nikiiacha imewaka tu bila kuigusa. Picha inabaki vilevile kwenye kioo, sauti inang'ang'ania mlio mmoja, dawa ni kubonyeza kitufe mpaka izime. Kama kawaida yetu nikasingizia virusi, nikapiga Windows upya mara 3. Mara ya tatu ikaganda katikati ya kupiga Windows yenyewe. Hapo ndipo akili ikanikaa sawa: kirusi gani kinaishi kwenye diski niliyoifuta yote?

Nikaweka Linux kwenye flashi, nikaiwashia humo bila kugusa diski. Ikaganda. Basi nikajua ni chuma, siyo programu. Nikaacha Memtest86+ (programu ya kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta) usiku kucha. Raundi ya kwanza safi, ya nne mistari myekundu tele. RAM zilikuwa 2. Nikachomoa ya tundu la pili, mashine ikatulia siku mbili. Nikaihukumu ile niliyoitoa.

Bahati nzuri sikuitupa. Kwa udadisi tu nikaichukua ile "nzima" nikaipeleka tundu la pili: ikaganda. Ile "mbovu" nikaichomeka tundu la kwanza: shwari. Kumbe tundu! Nimelipiga brashi, nimelisafisha kwa spiriti, wapi. Natumia tundu moja hadi leo. Haya, wengine mlikuta nini?

Mdau wa 1
Mkuu, mimi kabla ya kushika bisibisi huangalia kwanza *imegandaje*. Bonyeza Num Lock. Taa ikikataa kubadilika na mshale wa kipanya umekufa, nawaza RAM, prosesa, madabodi (bodi kuu) au umeme. Lakini mshale ukitembea, madirisha hayafunguki, na taa ya diski imewaka mfululizo, hapo naanza na diski.

Yangu ilikuwa hivyo. CrystalDiskInfo (programu ya kusoma afya ya diski) ikatoa rangi ya njano, namba ya C5 inapanda: hizo ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazitafakari. Nikahamisha picha na kazi zangu kwanza, uchunguzi baadaye. Huu mpangilio msiugeuze, maana kuipima sana diski inayokufa ni kuimalizia.

Jirani naye akaja mbio na yake, tukakuta kinachopanda ni C7. Hiyo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na madabodi. Tukabadilisha waya wa SATA tu. Namba haikurudi sifuri, na wala hairudi, ila ilisimama palepale.

Mdau wa 2
Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo iliyonidanganya. Mguu mmoja wa kipoza joto ulikuwa umechomoka, hakilali sawasawa juu ya prosesa. Nimeingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), sijafanya lolote, joto linakimbilia nyuzi 100. Ila mimi ilianza na uzito kama uji, halafu inazima. Kwa kawaida prosesa ikichemka hujipunguzia kasi, ikizidiwa hujizima. Ikiganda ghafla wakati joto liko chini, usipoteze muda kwenye feni.

Mdau wa 3
Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), wakuu. Kuandika siku nzima haina neno, ukifungua gemu dakika 10 tu imeganda. Nikapima kwa multimita ule waya wa njano wakati gemu linaendelea: volti 11.2. Inatakiwa 12, ikipungua sana iwe 11.4. Nilipoweka nyingine tabu ikaisha. Ya zamani msiifungue kuchungulia, kapasita zake hubaki na umeme hata ukichomoa ukutani.

Mleta mada
Mdau wa 3, mimi nusura ninunue pawa saplai kwa kuona "Kernel-Power 41" kwenye Event Viewer, ile daftari ya matukio ya Windows.

Mdau wa 3
Hahaha, hiyo imewaliza wengi. 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Hata wewe ukiizima kwa kitufe baada ya kuganda, inaandikwa. Tafuta zile za "WHEA-Logger" (makosa ya chuma) au "disk", hizo angalau zinakuonyesha upande wa kuelekea.

Mdau wa 4
Yangu fupi: RAM nzima, tundu nzima, ila niliwasha XMP (mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya RAM) ili zikimbie. Nikaizima, kuganda kukaisha. Wiki 2 nimemlaumu kila mtu.

Mdau wa 5
Na sisi wa mpakato ambao RAM imechomelewa kwenye bodi? Hiyo michezo ya kuchomoa hatuiwezi.

Mdau wa 1
Memtest86+ inafanya kazi vilevile. Ikikuta makosa ndiyo habari mbaya, ni kazi ya fundi wa bodi. Kwa hiyo anza na diski na vumbi la feni, hivyo viko ndani ya uwezo wako. Betri kama imevimba, acha kuitumia leo hii.

Mdau wa 5
Imeganda sasa hivi, naandika kwa simu. Num Lock haibadiliki. Ngoja nitafute flashi.